Mkata sare aliyemwonea wivu kila aliyelala

Saa mbili kasorobo asubuhi, mashine ya kukatia inaanza kunguruma upande wa pili wa karakana, na Mama Chaki anaacha sindano yake hewani. Mbele yake kuna rundo la mashati meupe ya shule yanayosubiri vifungo, lakini macho yake hayapo hapo. Yapo kwa mwanamke mrefu aliyesimama kwenye meza kubwa ya mbao, mkono wa kushoto ndani ya glavu ya nyuzi za chuma, mkono wa kulia ukisukuma kisu cha umeme ndani ya tabaka sitini za kitambaa.

"Anaikimbiza kona," anasema Mama Chaki kwa sauti ya chini. "Kona haikimbizwi. Nilimfundisha mwenyewe, lakini mtu akishapewa meza huwa anajua kila kitu."

Kisu kinazimwa. Yule mwanamke ananyanyua rundo alilokata, analigonga mezani pande zote mbili, na kingo zake zinakaa sawasawa. Mama Chaki anatazama, anarudi kwenye kifungo chake.

"Imetoka vizuri," anakubali. "Hilo ndilo linaloniuma."

Hafichi kijicho chake, na hilo ni moja ya mambo yanayomfanya apendwe hapa. Ana miaka 51, watoto watatu, na jina la utani alilolipata kwa sababu ya kipande cha chaki anachokichomeka kwenye kilemba juu ya sikio. Kwa miaka kumi na tisa meza ile ilikuwa yake. Wafanyakazi kumi na wanne wa karakana hii ya sare walishona kile alichokuwa amekikata yeye, na mkono wake ukikosea hata upana wa ukucha, shule nzima ingevaa kosa lake.

Sasa anashona vifungo. Mshahara umepungua kwa theluthi moja, na meza amepewa msaidizi wake wa zamani, mwanamke wa miaka 29 ambaye kila mtu humwita Mrefu. Mwenye karakana alimpa Mama Chaki sharti moja tu: alete karatasi ya daktari inayosema ni salama kumkabidhi kisu, ndipo wazungumze habari ya meza. Karatasi hiyo ameisubiri kwa miezi minne.

Kilichomtoa mezani hakikuwa uzembe wala ulevi, ingawa yote mawili yalisemwa nyuma ya mgongo wake. Ulikuwa usingizi. Au, kama anavyosema mwenyewe, ulikuwa kutokulala kwa mtu aliyelala.

"Nilikuwa nalala saa tatu usiku, naamka saa kumi na mbili asubuhi," anasimulia. "Hesabu mwenyewe. Saa tisa. Halafu naamka kama mtu aliyebeba majora ya kitambaa usiku kucha. Kichwa kinagonga, mdomo umekauka kama nimekula majivu, na hapo nimeshaamka mara nne kwenda msalani. Nikifika kazini nawakuta wenzangu wanapiga soga na kucheka. Nilikuwa nawachukia, nakuambia kweli. Nilikuwa nawaangalia usoni najiuliza, hawa wameulala usingizi gani?"

Wivu wake wa kwanza aliuelekeza nyumbani. Mumewe ni mpaka rangi, mtu wa maneno machache na mgongo unaomsumbua. Miaka sita iliyopita, mkewe alipoanza kukoroma, alifanya mzaha kwamba amehamia jirani na mashine ya kusaga. Mzaha ukaisha, kukoroma kukazidi. Mwisho akachukua mto wake na kuhamia sebuleni, kwenye kochi fupi kuliko yeye, miguu akaiwekea kigoda.

"Mwanaume akikoroma watu husema maskini, amechoka kutafuta," anasema Mama Chaki. "Mwanamke akikoroma watu wanamwonea huruma mumewe. Kwa hiyo nilinyamaza. Hata dada zangu sikuwaambia."

Kila asubuhi alipofungua mlango wa chumba alimkuta mzee wake kwenye kochi amelala usingizi wa pono, mdomo umeachama kidogo, miguu juu ya kigoda, uso umetulia. Alisimama akimtazama na roho ikimuuma.

"Wenzangu wanawaonea wivu waume zao kwa sababu ya wanawake wengine. Mimi nilimwonea wangu kwa sababu ya usingizi wake. Afadhali ungekuwa mwanamke, ningejua pa kwenda kugomba."

Binti yake wa mwisho, aliye sekondari, naye alikuwa akiamshwa kwa vishindo kila Jumamosi bila kosa. "Nilikuwa nikisikia mtoto yuko kimya chumbani nagonga mlango namtuma dukani. Hata chumvi ikiwepo."

Karakana ina paka wa kijivu anayelala juu ya majora ya kitambaa karibu na dirisha. Paka huyo hakusalimika. Wafanyakazi wanakumbuka jinsi Mama Chaki alivyokuwa akipita na kumfukuza kwa futi ya mbao, asubuhi na mchana, huku akisema hakuna anayelipwa kulala mahali hapa.

Maskini, aliyekuwa akilala ni yeye mwenyewe. Alisinzia akipanga foleni benki. Alisinzia kwenye kikao cha wazazi shuleni, mwalimu mkuu akiwa katikati ya sentensi. Alisahau majina ya shule alizozikatia sare miaka kumi. Akawa mkali kwa kitu kidogo, na shinikizo la damu likapanda hata vidonge vikawa haviliwezi. Alinunua dawa za usingizi dukani kwa siri, akiamini tatizo lake ni kwamba halali vya kutosha. Kumbe alikuwa anamwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Kisha ikaja siku ya suruali.

Kazi ilikuwa ya shule ya wavulana, suruali 120 za buluu iliyoiva. Kitambaa kile kina uso unaong'aa kidogo na mgongo uliopauka, kwa hiyo mguu uliokatwa wa kushoto huwezi kuugeuza uwe wa kulia. Mkataji huchukua pateni, yaani karatasi ngumu yenye umbo la mguu wa suruali, anaichora kwa chaki kwa ajili ya mguu wa kushoto, kisha anaipindua na kuichora tena kwa ajili ya mguu wa kulia. Kuipindua ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mama Chaki alikuwa ameifanya maelfu ya mara.

Alichora mguu wa kushoto. Akaegemea viwiko mezani apumzishe mgongo, na hapo usingizi ukampitia akiwa amesimama. Aliposhtuka, pateni ilikuwa mkononi. Akaamini ameshaipindua. Akachora, akawasha kisu, akakata tabaka zote.

Mshonaji wa kwanza alijaribu kuunganisha miguu miwili, ikakataa. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. Walipomaliza kuhesabu walikuta miguu ya kushoto 240, ya kulia hata mmoja. Mmoja akauliza kama wavulana wa shule ile wana miguu ya kushoto mitupu, na karakana nzima ikashika mbavu.

Mama Chaki hakucheka. Alikuwa ameikalia ndoo iliyopinduliwa, glavu ya chuma ingali mkononi, na alimwona Mrefu akizikusanya zile nguo kimyakimya bila kucheka na wenzake. Hilo nalo alilitafsiri vibaya. Alidhani binti anajizuia kwa sababu tayari anaiona meza ikiwa yake.

Mwenye karakana, mwanamume wa makamo anayefanya hesabu zake kwa penseli, anasema hakulala siku ile. "Kitambaa kinanunuliwa," anaeleza. "Nilinunua kingine, tukachelewesha kazi, tukaomba radhi. Lakini nilijiuliza, kama amesinzia kwenye chaki, atashindwaje kusinzia kwenye kisu? Kile kisu hakijui nyama wala nguo. Mtu amenikatia miaka kumi na tisa, sikuwa na moyo wa kumfukuza. Nikamweka kwenye vifungo."

Jumatatu iliyofuata Mrefu alisimama mezani. Ana mikono mirefu, anafika upande wa pili wa meza bila kuizunguka. Mama Chaki, ambaye ni mfupi na mnene, alikuwa akiizunguka meza hiyo mara mia kwa siku. Alikaa kwenye kiti cha vifungo na kuhesabu hatua ambazo mwenzake hakulazimika kuzipiga.

"Niliona gere," anasema. "Anakuja asubuhi macho makavu, ameoga, amelala. Hapigi hata mwayo. Nilikuwa nasubiri apige mwayo, hata mmoja, nifurahi."

Vijembe vikaanza. Mrefu akipita, Mama Chaki humwuliza jirani yake kwa sauti kama siku hizi meza hupewa watu kwa urefu. Mrefu huendelea kutandika kitambaa. Akikosea kidogo, Mama Chaki hukohoa. Wale wengine wote walikuwa wakifuatilia kama mchezo.

Wiki tano baadaye, saa ya chakula cha mchana, Mama Chaki alijilaza juu ya magunia ya mabaki ya kitambaa nyuma ya stoo. Alizinduka akamkuta Mrefu amemsimamia, simu mkononi, kamera imemwelekea.

"Unanichukua video nimelala," alimwambia.

"Mama, nisikilize kwanza."

"Umpelekee bosi. Meza haijakutosha, unataka na vifungo."

"Mama, ulikuwa hupumui."

"Ningekuwa sipumui ningekuwa nakujibu? Toka mbele yangu."

Kwa wiki nzima hakumwangalia. Kisha, jioni moja, akiwa dirishani anakunja mashati, alichungulia nje. Mumewe alikuwa amekuja kumchukua, kama afanyavyo anapokuwa na kazi ya kupaka rangi jirani. Alikuwa amesimama getini na Mrefu. Vichwa vyao vilikuwa vimeinamiana juu ya simu ya binti. Mrefu alikuwa akimweleza kitu taratibu, na yule mzee, asiye na maneno hata kwa ndugu zake, alikuwa akitikisa kichwa na kujifuta macho kwa mkono wenye madoa ya rangi nyeupe.

"Hapo ndipo nilipojua wivu una ghorofa," anasema Mama Chaki. "Nilidhani nimefika juu, kumbe bado. Nikasema, meza amechukua, sasa amemfuata na mzee. Na yeye, mtu wa kochi, macho yanamtoka machozi kwa msichana. Nilitembea mpaka nyumbani hatua tatu mbele yake. Nilikuwa napanga maneno."

Maneno hayo hakupata nafasi ya kuyasema. Mumewe alifunga mlango, akamwomba akae, akamwekea simu yake mwenyewe mbele. Video alikuwa ametumiwa palepale getini.

Mama Chaki alijiona amelala juu ya magunia, kilemba kimesogea. Alijisikia akikoroma na uso ukamwiva kwa aibu. Kisha kukoroma kukakatika. Kifua kiliendelea kupanda na kushuka kwa nguvu, lakini hakukuwa na sauti ya hewa inayoingia wala inayotoka. Ndani ya kimya hicho akasikia sauti ya Mrefu, ya chini sana, ikihesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Kwenye ishirini na mbili sauti ilianza kutetemeka.

"Vuta, mama," sauti ilisema. "Vuta basi. Vuta."

Kwenye ishirini na sita mwili ulishtuka, koo likatoa mkwaruzo mkubwa, hewa ikaingia. Nusu dakika baadaye ilianza tena.

"Nilikuwa na maneno ya kumtukana yule binti, yamejaa mdomoni," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaiweka sindano chini. "Unamtukanaje mtu anayekuhesabia pumzi?"

Mrefu, ambaye anazungumza akiwa anapanguza kisu chake kwa kitambaa chenye mafuta, anasema hakufikiria sana. "Nilikuwa nakula pale karibu. Alikuwa anakoroma, nimezoea. Akanyamaza, nikashukuru Mungu. Halafu nikaona kimya kinazidi na kifua kinahangaika. Nikajua nikimwambia kwa mdomo atasema namtafuta ubaya. Ndiyo nikachukua simu. Na bado alisema namtafuta ubaya."

Wiki iliyofuata mume na mke walikuwa mbele ya daktari wa kifua anayeshughulika pia na maradhi ya usingizi. Ni mzee mpole mwenye tabia ya kuchora nyuma ya karatasi za dawa. Aliposikia kazi ya mgonjwa wake, hakumchorea koo. Alimchorea mkono wa shati.

"Nilimwambia koo lako ni kama mkono wa shati laini," daktari anaeleza. "Ukiwa macho, misuli inaushikilia wazi. Ukilala, misuli inalegea, kuta zinanywea na kugusana. Unavuta hewa, haipiti. Ubongo ukiona hewa haiji unakushtua ili uvute, kisha unalala tena bila kujua. Mtu anaweza kuamshwa hivyo mara mamia kwa usiku mmoja, na asubuhi akaapa amelala vizuri."

Madaktari wanauita ugonjwa huo kukatika kwa pumzi usingizini. Daktari anasema si kila anayekoroma anao, na si kila mwenye nao ni mnene. Humpata pia mwembamba mwenye taya dogo, au mtoto mwenye mafindofindo makubwa. Wanawake hupatwa zaidi wakishakoma hedhi, na wengi wao huchelewa kugunduliwa kwa sababu wanaona haya kusema wanakoroma, au huambiwa ni mawazo tu. Anachowaambia watu wakiangalie ni kukoroma kwa nguvu kunakokatizwa na kimya, kushtuka kama mtu aliyekabwa, kichwa kuuma asubuhi, na usingizi wa mchana unaomshinda mtu hata anapoendesha gari au mashine. Ukiachwa, anaonya, unapandisha shinikizo la damu na kuutesa moyo.

Mama Chaki alipewa kifaa kidogo akalale nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kwenye kidole. Majibu yalionyesha pumzi yake ilikatika au kufifia mara 41 kila saa. Zikizidi thelathini, daktari alisema, hali huhesabiwa kuwa mbaya.

"Nilizidisha kwa saa tisa," anasema. "Mkataji haachi kuzidisha. Nikajua kwa nini nilikuwa nachoka. Nilikuwa nafanya kazi usiku kuliko mchana."

Zile dawa za usingizi daktari alimwambia azitupe siku hiyohiyo, kwa kuwa zinailegeza zaidi misuli ileile. Alimweleza njia zilizopo. Wenye hali nyepesi husaidiwa na kupunguza uzito, kuacha pombe na kulala ubavu. Wengine hutengenezewa na daktari wa meno kifaa cha mdomoni kinacholisogeza taya la chini mbele. Wachache hufanyiwa upasuaji, kama kuna kitu kinachoziba njia. Kwa hali kama yake, tiba ya kwanza ni mashine inayosukuma hewa taratibu kupitia barakoa usiku kucha, ili ule mkono wa shati usinywee. Bei yake ilikuwa sawa na mishahara yake saba. Hospitali ilimkodishia kwa mwezi.

Usidhani alivaa barakoa akalala. Usiku wa kwanza aliing'oa. Wa pili ikavuja hewa ikampuliza machoni. Wa tatu mikanda ilimchora mashavu hadi bintiye akamwuliza nani amemfunga kamba. Mama Chaki akachukua mabaki ya pamba ya mashati, akaishonea mikanda yake vifuko laini, akapunguza mmoja kwa nusu sentimita nyuma ya kisogo. Mambo ya vipimo anayaweza.

Wiki ya pili ndipo ilipotokea. "Niliamka, nikaona mwanga. Nikajua nimechelewa, nikakurupuka. Saa inaonyesha kumi na mbili kasoro dakika tano. Nikakaa kitandani nikajipapasa kichwa. Hakiumi. Nikasikilizia mdomo, haujakauka. Nilikaa pale nikalia kama mjinga. Kumbe watu wote hawa walikuwa wanaipata hii kila siku, bure, na hawasemi."

Mumewe amerudi chumbani, ingawa wiki ya kwanza ndiye aliyekosa usingizi. Kimya kilimtisha. Alikuwa akinyoosha mkono gizani na kuuweka mgongoni kwa mkewe ahakikishe unapanda. "Sasa nimezoea," anasema yule mzee, na hilo ndilo jambo pekee alilokubali kusema gazetini.

Uzito umepungua kilo nne, shinikizo la damu limeanza kusikia dawa, na mashine, ambayo huweka kumbukumbu zake yenyewe, inaonyesha pumzi sasa hukatika mara tatu tu kwa saa. Jumatano iliyopita daktari alizisoma kumbukumbu hizo mara mbili tatu, akamwuliza anasinzia lini mchana, akajibiwa hasinzii. Akaandika ile karatasi: anaweza kushika kisu, mradi anaendelea kulala na mashine kila usiku.

Hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu kwa namna nyingine. Karakana ina meza moja. Mwenye karakana amesema wazi kwamba hawezi kulipa wakataji wawili. Mama Chaki akirudi mezani, Mrefu anarudi kuwa msaidizi, na theluthi ile ya mshahara inahama pamoja na kisu.

Mama Chaki anasema alikaa na karatasi siku mbili. Kisha Ijumaa, wakifagia, alimwendea Mrefu kabla hajamwendea bosi.

"Nimepata karatasi ya daktari," alimwambia.

Mrefu aliendelea kuviringisha tepu yake ya kupimia. "Nilijua itakuja, mama. Wiki ya tatu hii hujamfukuza paka."

"Jumatatu nampelekea bosi."

"Mpelekee."

"Hutaniomba hata nisubiri kidogo?"

"Nikikuomba utasubiri?"

"Hapana."

Mrefu akacheka, lakini macho yake, anasema Mama Chaki, hayakucheka. Aliiweka tepu mezani, akaupapasa ubao mahali ambapo kisu huanzia, akasema, "Sasa na mimi najua. Yale uliyokuwa unayasikia ukiwa kwenye kiti kile. Nimeanza kuyasikia."

Kuna kitu Mama Chaki hajawahi kumwambia mtu, na anakisema sasa akiwa ameinamia shati. Katika miaka yote aliyomfundisha Mrefu alimwonyesha kushika kisu, kutandika kitambaa na kukata kona. Hakumwonyesha namna ya kuzipanga pateni, jinsi ya kuchomeka kola katikati ya miguu miwili na mfuko chini ya bega ili kila jora litoe suruali mbili zaidi. Kila Mrefu alipokuwa akisogea kuangalia, alimtuma maji. Miezi hii minne bosi amekuwa akinung'unika kwamba kitambaa kinaisha haraka, na Mama Chaki amekuwa akishona vifungo vyake na kufurahi moyoni.

"Nilimnyima makusudi," anasema. "Niliogopa akikijua hicho hakuna tena atakayenihitaji. Na yeye wakati ule ananihesabia pumzi."

Anakata uzi kwa meno, analikunja shati, analiweka juu ya mengine. Mpango wake ameshaupanga. Kuna kiwanda kikubwa kinachotafuta mkataji, na hakichukui mtu asiyejua kupanga pateni. Anataka Mrefu akajaribu kabla mwaka haujaisha, akiwa anajua kila kitu, akapate meza yake mwenyewe. Atamfundisha jioni, baada ya kazi, mpaka akae sawa.

Anaulizwa ataanza lini. Anageuka kuitazama meza, na mwanamke anayeifuta vumbi la kitambaa kwa kiganja.

"Jumanne," anasema Mama Chaki. "Jumatatu niacheni kwanza na meza yangu."